Alidhani kosa la Ohio lingebaki Ohio

BUFFALO, New York. Saa moja kasorobo asubuhi, Adolphine Bamurange anatoka katika nyumba anayopanga mtaa wa Kensington-Bailey, anavuta kofia ya sufi hadi kwenye nyusi na kuanza kutembea. Theluji iliyoanguka juzi imekandwa na miguu ya wapita njia hadi imegeuka barafu. Anakanyaga hatua fupi fupi, mkono mmoja nje ya mfuko, tayari kushika ukuta.

Mgonjwa wake wa kwanza anaishi mitaa tisa mbele. Ni Bi Lorraine, mwenye miaka 84, aliyekuwa mpishi wa shule kabla ya kiharusi kumlemaza upande wa kushoto. Bamurange anafungua mlango kwa ufunguo wake, anamsalimu kwa sauti kutoka ukumbini ili asishtuke, ananawa mikono, kisha anamfunga mkanda wa kumshikia kiunoni na kumwinua kitandani. Kumwinua kunachukua dakika nne. Kumvisha soksi kunachukua tisa, kwa sababu Bi Lorraine anataka kuivaa ya kulia mwenyewe.

Saa nne atatoka hapo na kutembea dakika thelathini na tano hadi kwa mgonjwa wa pili. Saa nane atapanda basi kwenda kwa wa tatu.

Wenzake wenye magari hupangiwa wagonjwa watano kwa siku. Yeye hupangiwa watatu, kwa malipo ya dola 18.65 kwa saa, na saa za kutembea hazilipwi.

"Mi najua kuendesha," anasema, akimimina uji wa shayiri kwenye bakuli. "Niliendesha miaka mitano. Leseni ndiyo sina. Na haikuibwa, hapana. Niliipoteza mwenyewe."

Bamurange ana umri wa miaka 43. Alizaliwa katika milima mirefu ya Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, katika familia ya wafugaji na waimba kwaya. Vita vilimtoa huko akiwa binti. Aliishi kambini Burundi miaka kumi na moja, akaolewa humo, akazaa mtoto mmoja wa kike, Teta, na humo humo akamzika mume wake. Mwaka 2016 yeye na Teta walishuka uwanja wa ndege wa Louisville, Kentucky, wakiwa na mifuko miwili.

Kazi ya kwanza ilikuwa kiwandani, Jeffersontown, kufunga vipuri kwenye maboksi kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Mwaka 2018 alipata leseni baada ya kufeli mtihani wa barabarani mara mbili. Miaka mitatu baadaye akaingia kazi ya kuhudumia wazee majumbani mchana, lakini hakuacha kiwanda. Wikiendi alirudi kwenye maboksi.

Anasema tatizo lilianzia kwenye usingizi.

"Mwili haukukuwa unajua tena usiku ni upi na mchana ni upi. Nilikuwa nalala masaa mawili tu, naamka. Mwanamke mmoja kazini akaniambia, kunywa divai kidogo, utalala. Bon, nikanywa, nikalala. Nikaona ni dawa."

Glasi moja ikawa mbili. Katika kanisa lao pombe haiguswi, wala haitajwi isipokuwa kwenye mahubiri, kwa hiyo chupa ilikaa chini ya sinki nyuma ya sabuni. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anakunywa hata siku ambazo hakuwa na shida ya kulala. Alinunua duka la mbali na nyumbani, na kila mara keshia tofauti.

Nilipomuuliza kama siku aliyokamatwa ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuendesha akiwa amekunywa, alikausha sufuria, akairudisha kabatini.

"Watu wanapenda niseme ndiyo," alisema. "Si mara ya kwanza. Ni mara ya kwanza kukamatwa."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya Juni 2023, kesho yake baada ya harusi ya binamu yake Ngarambe mjini Columbus, Ohio. Ndugu walikuwa wamekusanyika katika nyumba moja kaskazini mwa mji kumalizia vyakula na kutazama zawadi. Hapakuwa na pombe. Kulikuwa na soda, maziwa na chai. Bamurange alikuwa na chupa yake ya chai kwenye mkoba, na ndani yake haikuwa chai.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali, shangazi yake Umuhoza, mwanamke wa miaka 68 asiyejua Kiingereza, aliomba arudishwe nyumbani kwake. Safari ni ya dakika kumi na moja. Bamurange akatafuna peremende ya mnanaa, akachukua funguo.

Katika eneo la Clintonville alipita taa nyekundu. Hakuiona. Gari la polisi lilikuwa nyuma yake.

Askari alikuwa mpole, anasema. Alimtaka ashuke, aifuate kalamu kwa macho, atembee kwenye mstari ulionyooka. Familia moja iliyokuwa ikila aiskrimu upande wa pili wa barabara ilisimama kutazama. Shangazi Umuhoza alibaki amekaa garini na makopo ya chakula mapajani, akidhani askari anauliza njia. Ni pale alipomwona mpwa wake akifungwa pingu ndipo aliposhuka na kuanza kusema kwa Kinyamulenge kwamba huyu ni mtu wa kanisa, wamekosea mtu.

Kipimo cha pumzi kilisoma 0.11. Kiwango cha kisheria kinaishia 0.08.

"Shangazi hakuwaambia watu," anasema Bamurange. "Aliwaambia gari iliharibika. Mpaka leo hajaniuliza neno. Ningependa angeniuliza."

Mwezi Agosti alikiri kosa mahakamani Columbus. Kwa kuwa lilikuwa kosa la kwanza, badala ya siku tatu jela alipelekwa kwenye mafunzo ya siku tatu hotelini, pamoja na watu thelathini wa kila aina, akiwemo mwalimu na fundi wa mabomba. Alilipa faini. Mahakama ikamwondolea haki ya kuendesha gari ndani ya Ohio kwa mwaka mmoja.

Maneno hayo, ndani ya Ohio, ndiyo aliyoyashika. Mwenzake wa kiwandani, Mrundi aitwaye Dionizi ambaye alikuwa Marekani kwa miaka kumi na miwili na aliwahi kuendesha lori, alimtia moyo.

"Kosa la Ohio ni la Ohio," Dionizi alimwambia. "Kentucky wana mambo yao. Wewe usirudi huko tu."

Aliamini. Siku ya kurudi kutoka kwenye mafunzo, Ngarambe alimwendeshea gari hadi Cincinnati, wakavuka daraja la mto, na kwenye kituo cha mafuta upande wa Kentucky wakabadilishana viti. Ngarambe akatafuta usafiri wa kurudi Columbus. Bamurange akashika usukani hadi Louisville, saa moja na nusu, akiimba.

"Nilisema, Ohio imebaki nyuma. Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Majimbo mengi ya Marekani yana mapatano ya kupashana habari za madereva. Dereva akitiwa hatiani kwa ulevi jimbo la ugenini, jimbo hilo linaweza kumzuia kuendesha katika barabara zake tu, lakini hupeleka taarifa nyumbani, kwa jimbo lililotoa leseni. Nyumbani nako huchukua hatua zake, mara nyingi kana kwamba kosa limetendeka huko huko. Dereva anajikuta na adhabu mbili kwa tukio moja, kila moja na tarehe zake na masharti yake.

Barua ya Kentucky ilifika mwezi Oktoba. Bamurange aliona bahasha yenye dirisha la plastiki, akadhani ni tangazo la bima, akaiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na nyingine. Teta ndiye msomaji wa barua za nyumba, na wiki hiyo alikuwa na mitihani.

Kwa wiki tano aliendelea kuendesha bila kujua kwamba leseni yake imesimamishwa. Hilo nalo ni kosa, na kubwa. Katika wiki hizo tano, mara tatu kila wiki, alikuwa akimpeleka mgonjwa wake kusafishwa damu kwa mashine.

Mgonjwa huyo alikuwa Walter, mzee wa miaka 77, fundi viatu mstaafu aliyeishi peke yake. Figo zake zilikuwa zimekwisha kazi. Walikuwa pamoja miaka miwili. Njiani Walter alimfundisha majina ya miti ya Kentucky, na yeye alimfundisha kuhesabu hadi kumi kwa Kiswahili. Mzee hakuwahi kuipatia sita.

Mwishoni mwa Novemba kampuni iliyomwajiri ilikagua rekodi za madereva wake, kama ifanyavyo kila mwaka. Msimamizi alimwita ofisini na kumwonyesha karatasi. Leseni imesimamishwa miezi sita, kwa hukumu ya Ohio. Alitakiwa aache funguo za gari la kampuni mezani.

Alirudi nyumbani kwa basi na kufungua droo. Teta, aliyekuwa na miaka kumi na tano wakati huo, alisoma barua akiwa amesimama. Binti huyo humjibu mama yake kwa Kiingereza karibu kila mara. Siku hiyo aliikunja barua, akauliza kwa Kiswahili.

"Mama, ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Na mimi nilikuwa ndani ya gari siku zingine?"

Bamurange anasema alitaka kumwambia hapana. Alimwambia ndiyo. Teta akaenda chumbani kwake, akatoka kesho yake, akapita jikoni, akatoa chupa nyuma ya sabuni na kuimwaga. Alikuwa anajua ilipo tangu siku nyingi.

Siku mbili baadaye Bamurange alikwenda kwa Walter. Kampuni ilikuwa imemwambia mzee kwamba mhudumu wake amebadilishiwa ratiba. Hakuna aliyemlazimisha kwenda. Alimkuta amekaa sebuleni na koti lake, akimsubiri mhudumu mpya aliyekuwa amechelewa dakika arobaini.

Alimweleza yote kwa Kiingereza chake: Columbus, taa nyekundu, kipimo, barua. Mzee alisikiliza bila kumkatisha. Kisha akauliza swali moja, kama aliwahi kumbeba yeye akiwa amelewa.

"Nilikuwa nimejitayarisha kusema hapana," anasema Bamurange. "Sikuwahi kunywa asubuhi. Lakini nilikunywa usiku, tena mpaka usiku mkubwa, na saa kumi na mbili na nusu niko mlangoni kwake. Sasa ile pombe ilikuwa imetoka mwilini ama haikutoka? Mi sijui. Nikamwambia, sijui."

 Walter alimshukuru kwa kumwambia, kisha akamwomba aondoke kabla mhudumu mwingine hajafika.

Hawakuonana tena. Januari alisikia kutoka kwa mfanyakazi mwenzake kwamba wahudumu wapya walikuwa wakibadilishwa kila wiki, mzee alikosa mashine mara mbili, na familia yake ikamhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee nje ya mji. Bamurange alimwandikia kadi. Hakupata jibu, na anasema hakulitegemea.

"Pasteri anasema nimesamehewa. Ni sawa, Mungu anaweza. Lakini Walter hakusema. Siwezi kusema kwa niaba yake."

Hapo ndipo mdogo wake, Ndahiro, anayefanya kazi ya ghala mjini Buffalo, alipompigia simu. "Yaya," alimwambia, kama wanavyowaita ndugu wakubwa nyumbani kwao, "njoo huku. New York ni jimbo lingine. Utachukua leseni mpya, utaanza upya." Hakukusudia kumdanganya, yeye mwenyewe aliamini hivyo. Mwishoni mwa Januari 2024 Bamurange na Teta walipakia vitu vyao kwenye gari la Ndahiro na kuhama.

Huko alisubiri. Alihesabu miezi sita ya Kentucky ikaisha. Alihesabu mwaka wa Ohio ukaisha. Mwisho wa Agosti alivaa gauni la Jumapili, akachukua pasipoti, bili ya umeme na mkataba wa nyumba, akaenda ofisi ya leseni.

Mhudumu wa dirishani aliandika jina lake na tarehe ya kuzaliwa, akatazama skrini, akatazama tena. Alimwambia kwa heshima kwamba hawezi kumpa leseni, wala ya kujifunzia. Kuna orodha ya taifa zima, na jina lake lilikuwa humo mara mbili, Ohio na Kentucky. Hadi majimbo hayo mawili yaseme yamemalizana naye, New York haiwezi kumfungulia mlango.

Bamurange alimwambia siku zimekwisha, akamhesabia miezi kwa vidole. Mhudumu yule akamweleza jambo ambalo, kwa maoni ya Bamurange, lingepaswa kuandikwa kwenye milango ya makanisa. Siku zikiisha, adhabu haijifuti yenyewe. Ohio ilikuwa bado inasubiri ada ya kurudishiwa haki ya kuendesha. Kentucky ilikuwa bado inasubiri apimwe na mtaalamu wa masuala ya pombe na amalize mafunzo. Asipofanya, kusimamishwa kutaendelea mwaka hadi mwaka.

"Nilifikiri kuvuka mpaka ni kufungua ukurasa mpya," anasema. "Donc, mi nimevuka mipaka mingi. Congo kwenda Burundi, Burundi kuja huku. Kila mara unavuka, unaacha vyote. Kumbe hapa ukivuka, vinakufuata."

Hakuanza mara moja. Analisema hilo waziwazi, na anataka liandikwe. Kwa miezi mitano hakupiga simu Kentucky wala Ohio. Mwezi Novemba, baada ya mwaka mzima bila kugusa pombe, alinunua chupa, akanywa nusu akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Ndahiro alimkuta hapo. Hakumkaripia. Alikaa ngazi ya chini yake, akavua viatu vyake vya kazi, wakakaa.

Wiki hiyo Ndahiro alijitolea kumpa gari lake la zamani aliendeshe hivyo hivyo. Kensington-Bailey ni karibu, alisema, nani atakuona. Bamurange alizishika zile funguo siku tatu. Kampuni yake mpya ilikuwa tayari kumwongezea wagonjwa wawili kama angekuwa na gari, na hakuna aliyekuwa amemwomba leseni.

Alizirudisha siku ya nne.

"Nilimfikiria mtu ambaye ningemgonga," anasema. "Sikumfikiria polisi."

Februari mwaka jana alianza kupiga simu. Teta alikaa pembeni yake na daftari. Ilichukua simu kumi na saba, na mara nyingi walisubiri kwenye laini hadi betri ikakaribia kuisha. Mwishowe walipata afisa wa Kentucky aliyewaeleza kwamba mafunzo yanaweza kufanyika Buffalo, mradi kituo kiwe kimeidhinishwa na kipeleke fomu zake moja kwa moja.

Mafunzo yalikuwa jioni moja kwa wiki, wiki ishirini. Alikosa wiki mbili kwa homa na moja kwa dhoruba, akazifidia zote. Ohio alilipa ada kwa awamu. Kwa jumla, faini, mahakama, mafunzo na ada za majimbo yote mawili vimemgharimu zaidi ya mshahara wa miezi miwili, na hapo hajahesabu wagonjwa aliowakosa.

Barua ya Ohio ya kumwachia ilifika Desemba. Ya Kentucky bado. Kituo kilituma fomu, fomu ikarudishwa kwa kukosa saini, ikatumwa tena mwezi uliopita.

Kanisani, kwa muda mrefu, watu walidhani ana shida ya karatasi. Hivyo ndivyo alivyowaambia kila alipoombwa kuendesha gari la kwaya. Mwaka jana, mwezi Julai, akina mama walipokuwa wakipanga safari ya kwaya kwenda Rochester, mmoja alimuuliza mbele ya wote ni karatasi gani hizi zisizokwisha, au hataki tu kutumika.

Bamurange alisimama. Alisema alitiwa hatiani Ohio kwa kuendesha amelewa, kwamba Kentucky ilisimamisha leseni yake kwa ajili hiyo, na kwamba New York haimpi kwa sababu ya majimbo hayo mawili. Alisema kwa sentensi tatu, akakaa.

Mchungaji wao, Bisogo, ambaye anafanya kazi ya usafi hospitalini siku za wiki, anaikumbuka siku ile.

"Wengine walikasirika, nisifiche," anasema Bisogo. "Mama mmoja aliuliza kama ataendelea kuimba. Nikamjibu ataimba, lakini kwanza atapumzika miezi mitatu, na yeye alikubali. Jambo ambalo sikulitegemea ni la Jumapili iliyofuata. Baada ya ibada watu wanne walimfuata nje, mmoja mmoja, na bahasha mikononi."

Bahasha zilikuwa za Pennsylvania, Ohio, Michigan. Baadhi zilikuwa za ulevi, nyingine za mwendo kasi, na moja ya bima iliyokwisha muda. Zote zilitoka jimbo ambalo mwenye barua haishi, na karibu zote zilikuwa hazijafunguliwa kwa wiki kadhaa. Mwanamume mmoja alikamatwa Pennsylvania akiwa njiani kutoka kazini na alikuwa ameamua kutokwenda mahakamani, kwa kuwa alikuwa ameelezwa kwamba kosa la Pennsylvania ni la Pennsylvania.

"Nikacheka," anasema Bamurange. "Alifikiri namcheka yeye."

Alimpeleka kwa ofisi ya wakili wa msaada wa kisheria, akakaa naye hadi alipoitwa. Mwanamume huyo, aliyeomba jina lake lisitajwe, alihudhuria kesi. Leseni yake ilisimamishwa, lakini alijua kuanzia lini, kwa nini, na afanye nini ili airudishe. Sasa anapanda gari la mwenzake kwenda kazini na anachangia mafuta.

Tangu hapo, Jumamosi mchana, Bamurange hukaa saa mbili katika chumba cha watoto kanisani, kwenye kiti kilicho kifupi kuliko goti lake, na kusoma barua za watu. Yeye si wakili na huwaambia hivyo kabla hawajakaa. Anachofanya ni kufungua bahasha, kutafuta jina la jimbo na tarehe, na kumwambia mtu ni ofisi gani apigie Jumatatu. Kiingereza kikimshinda, Teta humsaidia kwa simu.

Teta sasa ana miaka kumi na saba. Ana leseni ya kujifunzia, na mjomba wake Ndahiro ndiye anayempeleka mazoezini. Nilimuuliza anaonaje kuwa dereva kabla ya mama yake. Alijibu kwa Kiingereza kwamba si mashindano. Kisha akaongeza kwamba mama yake ndiye aliyemweleza jinsi ya kutazama vioo, wakiwa wamekaa garini, gari limezimwa, mbele ya nyumba.

Bi Lorraine amemaliza uji. Bamurange anamsogezea dawa zake, anasubiri ameze kila moja, anaandika saa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji. Bi Lorraine anajua habari za leseni. Aliambiwa siku ya kwanza ya kazi, kabla koti halijavuliwa.

"Sasa naanza na hilo," anasema Bamurange. "Mtu achague mwenyewe kama ananitaka."

Mwezi Septemba anataka kuanza kozi ya uuguzi ya mwaka mmoja, masomo ya jioni, katika chuo kilicho maili tisa kutoka anakoishi. Ameshafanya mtihani wa hesabu wa kuingilia na kufaulu. Wa Kiingereza ataurudia mwezi Mei. Akihitimu, atalipwa karibu mara moja na nusu ya anacholipwa sasa, na atafanya kazi katika jengo moja badala ya nyumba tatu.

Namuuliza itakuwaje kama barua ya Kentucky haitafika kabla ya Septemba.

Anavaa koti, anafunga zipu hadi kidevuni. Wiki iliyopita, anasema, alipanda mabasi hadi chuoni na kurudi ili kupima. Ni mabasi mawili na kutembea kidogo katikati. Kwenda ni dakika sabini na nane, kurudi themanini na tano, na basi la mwisho la kurudi linapita dakika ishirini baada ya darasa kumalizika.

"Ikifika, nitaendesha," anasema. "Isipofika, basi ninalijua."